Shene Nene ya Mlima wa Bogoro

Jumatatu, 3 Juni 2013

Zacharie, weye fundi wa velo wa barabara ya Lumumba, funga kinywa! Nimekuja kununua vyuma vya baiskeli, sikuja kuhubiriwa. Eti pinyo, vile visahani vya meno vya nyuma, iko tisa, zinataka shene nyembamba, munyororo mwembamba. Nyembamba! Mlima wa Bogoro unapandwa na uzi? Nimepima shene mukononi kama ninavyopima samaki wa chumvi, nikachukua nene kuliko zote. Akasema haitaingia. Nikamwambia hata mimi walisema sitaingia mulango wa kanisa, na kila Jumapili naingia.

Jumamosi Mama Adèle anaoza binti. Samaki wa arusi ni wa yule atakayewafikisha kwanza kutoka ziwani Kasenyi, kupanda Bogoro hadi huku. Pétronille, jirani yangu wa sokoni, anasukuma velo ya zamani, haina vitesi, gia za kupandia, hata moja. Masikini! Kwetu siye, mukwe wangu Kamate atapanda ameketi.

Jumatano, 5 Juni

Shene inarukaruka juu ya meno ya pinyo kama mbuzi juu ya meza. Zacharie anacheka na mabega. Sawa! Shene inabaki, pinyo zinatoka. Nimechagua nyingine, ile ya mwisho kubwa kama sahani ya bugali. Sasa analia eti derayere, ule mukono wa kuvuta shene, ni mufupi, hautaiweza sahani hiyo. Nikamuuliza kama mama mwenye mukono mufupi halishi mutoto. Akashika spana. Nimeshinda.

Alhamisi, 6 Juni

Kamate amejaribu velo uani. Uso kama wa mutu aliyemeza mufupa. Akaegemeza velo ukutani. Kwetu mukwe habishani na mama wa muke wake, hata akiona nyumba inaungua. Heshima nzuri sana. Kisha binti yangu Musoki akaja mbiombio: Kamate anaomba velo yake ya zamani. Nikamujibu mama amekwisha kusema.

Jumamosi, 8 Juni

Aibu! Barabara imetulia siku hizi, hata askari wa kizuizi walimupungia Kamate mukono. Adui ilikuwa derayere! Kwenye kona chini ya Bogoro Kamate akatia shene kwenye sahani. Ule mukono ukanyooka kama mulevi anayetafuta ukuta, ukaingia ndani ya gurudumu, kra! Samaki wote vumbini. Pétronille akapita akisukuma, anaimba wimbo wa kwaya, akampa pole. Pole ya Pétronille! Pilipili kwenye kidonda.

Arusini nimekula samaki wake. Chumvi nyingi.

Na Musoki ananiambia mume wake alijua tangu Alhamisi. Alijua! Akanyamaza! Wakwe wa leo hawana heshima.

Jumapili, 9 Juni

Wakati wa mahubiri nimefikiri vizuri. Kosa ni la shene: ilikuwa nyembamba. Nimeona moja ya pikipiki, nene kama kidole changu gumba.

Musoki, mwambie mume wako: kesho asubuhi ainunue, aipeleke kwa Zacharie. Ikikataa kuingia, wapige nyundo.