Lenzi ya Kumvuta Mama Mkwe

Leo nimepatikana. Si na askari, wala si na mkaguzi wa shule. Nimepatikana na wakwe zangu, nikiwa nimechutama katikati ya shamba lao la chai, suruali yangu mpya imelowa umande mpaka magotini, jicho moja nimelifumba na jingine liko usoni mwa mama mkwe.

Ombati na Nyaboga, nawaandikia nyinyi wawili barua hii moja. Mkimaliza kuisoma mpelekeane, kisha muichome. (Nyaboga, nakujua. Usiisome mbele ya walimu wenzako wakati wa chai.) Nimefika nyumbani jioni hii, sijavua hata viatu, na nisipomwambia mtu nitapasuka.

Kamera yangu mnaijua. Ndiyo ile niliyorudi nayo kutoka chuoni nikijiona mtu. Hapa Nyanchwa hakuna mtu anayeigusa ila mimi, maana ni chombo cha kitaalamu. Nimepiga kila kitu: watoto walipozaliwa, watoto walipobatizwa, mke wangu Kemunto na cherehani yake, Kemunto na cherehani ileile kutoka upande mwingine. Kwenye albamu yetu mgeni akiitazama anauliza kama baba wa nyumba alishafariki. Mimi simo hata kwenye picha moja.

Sasa, Kemunto. Baba yake alikufa tukiwa wachumba, na hakuacha picha yoyote. Juzi alikuwa anachambua mboga, akaniambia anaisahau sura ya baba yake. Anakumbuka kofia. Anakumbuka kikohozi. Lakini uso ukimjia, unamjia bila macho. Alisema hivyo, halafu akalia juu ya mboga zile, nami nikasimama pale kama mgeni.

Na mama yake naye anaisha. Hospitali imemrudisha nyumbani na vidonge vya kupunguza maumivu, na sote tunajua maana yake. Kemunto ameniomba jambo moja tu mwaka huu wote. Anataka picha ya mama yake, uso uonekane vizuri, kabla. Hapo hakumalizia.

Mngedhani ni kazi rahisi kwa mtu mwenye kamera. Lakini chinsoni je? Nyaboga, wewe umekaa pwani muda mrefu, acha nikukumbushe heshima ya kwetu. Mama mkwe simpi mkono. Simtazami usoni. Sisogei alipo. Yeye naye hanisemeshi. Akiwa na neno kwangu anamtuma mtu, hata kama nimesimama namsikia kwa masikio yangu mwenyewe. Siku hizi wengine wamelegeza. Mama mkwe wangu hajalegeza chochote.

Mwaka jana nilijaribu kumpiga picha nikiwa langoni. Picha ilipotoka, nyumba inaonekana, ng'ombe anaonekana, migomba inaonekana jani kwa jani. Mama mkwe ni kidoa mlangoni. Kemunto aliitazama sana, akauliza, "Huyu ni Mama au ni mtungi?"

Ndipo nikaiona lenzi. Iko kwenye dirisha la studio pale Kisii mjini, ndefu, nyeusi, nzito. Ni lenzi ya kuvuta: ukiisukuma huku mtu anakwenda mbali, ukiivuta huku mtu anakuja mpaka unaona kope zake. Nilipoona vile, akili yangu ilisema jambo moja. Miguu itabaki mbali, heshima itabaki mahali pake, na uso utakuja wenyewe! Nani amewahi kulifikiria hilo katika Kisii nzima? (Hakuna. Na sasa najua kwa nini.)

Lakini bei yake ilikuwa bei ya ndama wetu. Nilikaa na jambo hilo wiki nzima. Niuze ndama watoto wakose maziwa ya baadaye, au nimwache ndama na Kemunto akose mama yake mara ya pili? Nilipomwuliza, alisema, "Ndama yuko hai, Mwalimu. Usimuuze kwa ajili ya bomba." Kisha akageuka ukutani, nami nikajua hajasema anachotaka.

Mwenye studio aliniona nimeenda kusimama dirishani pale mara nyingi mno, akanihurumia. Au alichoka. Akasema, "Mwalimu, chukua hii Jumapili, jaribu. Jumatatu asubuhi nataka kuona lenzi au pesa. Na mchanga usiingie!"

Basi leo asubuhi tulipanda basi, tukashuka karibu na Sironga, tukapanda kilima kwa miguu. Njiani Kemunto alibeba uji wa wimbi kwenye chupa ya chai kwa sababu mama yake hawezi tena kutafuna. Mimi nilibeba lenzi, nimeizungushia taulo ya mtoto.

Pale nyumbani nilisalimiana na wanaume. Alikuwepo Nyakundi, kaka mkubwa wa Kemunto, na mzee Omwenga, mdogo wa marehemu baba yao, ambaye ndiye anayesimamia mambo ya heshima katika ukoo. Je, nimwombe ruhusa? Nilimtazama mzee, nikaona nikiomba ruhusa ataitisha kikao, na kikao kitaisha mwezi ujao. Mwezi ujao hatuna. Nikasema naenda kuangalia chai.

"Chai yetu?" Nyakundi aliuliza.

"Nataka kuona inavyoendelea."

"Inaendelea na nini?"

Nikaenda.

Nilishuka kwenye shamba, nikatafuta mahali ambapo mbele ya nyumba panaonekana, nikachutama. Nikafunga lenzi kwenye kamera. Mama mkwe alikuwa ametolewa nje kuota jua, amekaa kwenye kigoda, blanketi mabegani. Kutoka pale nilipokuwa alikuwa mdogo kama siku zote. Nikaivuta lenzi.

Jamani.

Alikuja! Alikuja mpaka nikarudi nyuma nikakaa kwenye tope. Miaka yote hii nimeoa kwake, na sikuwahi kuuona uso wake. Namjua kwa leso na kwa sauti. Kumbe ana alama ndogo chini ya jicho, mahali palepale ambapo Kemunto anayo. Kumbe mdomo wake unainama upande mmoja anapofikiri, kama mtoto wetu wa pili. Mashavu yameingia ndani. Midomo ilikuwa inatembea, anasema peke yake, sijui na nani. Halafu akafungua kitambaa kujikuna kichwa, na nywele zilizobaki zilikuwa chache, nyeupe, na mimi mkwe wake nikaziona.

Niliona aibu, nikashusha kamera. Nikamkumbuka Kemunto na mboga zake, nikainua tena. Nilimtazama nikamtazama. Huyu mtu anakufa, nikawaza, na ndiyo kwanza nakutana naye. Machozi yakanitoka, yakalowesha kioo cha kamera, ikabidi nifute kwa taulo ya mtoto.

Nilipokuwa nafuta ndipo nikasikia yowe.

"Yaaya! Kuna mtu kwenye chai! Anamlenga Mama!"

Alikuwa shangazi yao Bosibori, yuko juu yangu kwenye kijia na kikapu kichwani. Alichoona yeye ni mgongo wa mwanamume aliyejificha, na bomba jeusi limeelekezwa kwa mgonjwa. Kwa kweli hata mimi ningepiga yowe.

Walikuja wote. Mapanga yalikuja, jembe lilikuja, mbwa alikuja akanishika suruali (hii mpya, ya mtindo, pana chini, mbwa alikuwa na mahali pengi pa kuchagua). Nikasimama na mikono juu, kamera inaning'inia shingoni.

"Ni mimi!" nikapiga kelele. "Ni mkwe wenu!"

"Tunaona," akasema Nyakundi. "Ndiyo mbaya zaidi."

Nikaeleza. Nilieleza vizuri kama ninavyowaeleza darasa la saba: lenzi ni kioo, kioo kinavuta sura, mimi sikusogea hata hatua, heshima haikuguswa. Majirani waliokuwa wakitoka misa wakasimama kwenye ua, wakaegemea. Mzee Omwenga alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono. "Leta nione."

Nikampa. Akaweka jicho, nikamsaidia kuivuta lenzi. Mzee akaruka nyuma, akavua kofia, akasema kwa sauti, "Bwakire buya!" Alikuwa amemsalimia mama mkwe, kumbe mama mkwe yuko kule juu kwenye kigoda, hata hajui kama kuna mtu anamwamkia!

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mzee akarudisha kofia polepole. Akanigeukia.

"Mwalimu, unasema hukusogea."

"Sikusogea, Baba."

"Miguu yako imekaa hapa kwenye chai. Macho yako yamekwenda mpaka kwenye kigoda, yakakaa kwenye mapaja ya mke wa kaka yangu. Macho ni ya nani?"

"Ni yangu, Baba."

"Mbuzi," akasema mzee, na majirani wakaitikia kwa vichwa.

Nilikubali. Mbuzi ningelipa. Laiti mambo yangeishia hapo! Lakini Nyakundi, ambaye hutengeneza redio pale Keroka na hujifanya anajua mashine zote, akauliza swali la heri. Nadhani alitaka kunisaidia.

"Sawa, basi. Angalau picha umeipata. Umepiga ngapi?"

Nikatazama kidude cha kuhesabu picha. Kilikuwa palepale kilipokuwa asubuhi.

"Sijapiga," nikasema.

"Hujapiga hata moja?"

"Hata moja."

"Muda wote huo?"

"Ee."

"Sasa, Mwalimu," akasema, na sauti yake haikuwa tena ya kunisaidia, "ulikuwa unamwangalia mama yangu unatafuta nini?"

Ndugu zangu, nilitafuta jibu. Nina cheti cha ualimu. Nimewahi kusimama mbele ya wazazi wa shule nzima nikaeleza kwa nini matokeo ni mabaya. Lakini pale kwenye chai nilikuwa na tope matakoni na taulo ya mtoto mkononi. Ningesema nini? Kwamba ni mzuri? Kwamba namwonea uchungu? Kemunto alikuwa amefika, amesimama nyuma ya kaka yake. Aliyaona macho yangu mekundu. Akatazama chini.

Ndipo sauti ikatoka kwenye kigoda. Nyembamba, lakini kilima kizima kiliisikia. Mama mkwe alikuwa amejifunika kitambaa chake sawasawa na kunigeuzia mgongo.

"Nyakundi!"

"Ee, Mama."

"Mwulize huyo mtu aliye kwenye chai. Kemunto hana vidole?"

Nyakundi akanigeukia. Nilikuwa nimeshasikia, kila mtu alikuwa ameshasikia, lakini kanuni ni kanuni. "Mama anauliza, Kemunto hana vidole?"

Mbwa aliachia suruali.

Kemunto ni binti yake. Kemunto anaweza kumkalia miguuni. Anamwosha, anamlisha, anamchana hizo nywele chache. Hakuna umbali kati yao. Kwa lenzi ya kawaida, ileile niliyokuwa nayo siku zote, angesimama mbele yake na kubonyeza. Nami nilikuwa tayari kuuza ndama!

"Anavyo," nikasema.

"Anavyo, Mama!" Nyakundi akapaza sauti.

"Basi mwambie ampe mwanangu hicho kitu. Na yeye ageuke aangalie chai, si alikuja kuangalia chai?"

Hapo walicheka. Walicheka wote, majirani kwenye ua walishikana mabega, shangazi Bosibori akaweka kikapu chini ili acheke vizuri. Nikafungua lile bomba, nikarudisha lenzi ndogo, nikampa Kemunto kamera mbele ya watu wote. Niligeuka nikatazama chai. Nikaanza kufundisha kwa mgongo:

"Zungusha pete ya mbele mpaka uso uwe safi!"

"Najua!"

"Jua liwe nyuma yako! Na mwanga, kuna kale kasindano ka kuupima..."

"Mwalimu, nimekuona ukifanya hivi miaka yote. Nyamaza."

Nyuma yangu nikasikia mama mkwe akimwambia Kemunto kitu kwa sauti ya chini, kuhusu mimi nadhani, maana nilisikia neno "mbwa" na neno "suruali". Halafu akacheka. Kicheko chembamba, kikageuka kikohozi, kikarudi kuwa kicheko. Kemunto aliniambia baadaye kwenye basi kwamba tangu alipougua hajawahi kumsikia akicheka. Nilisikia kamera ikibonyezwa. Mara moja. Mara nyingine. Sikugeuka.

Lenzi nairudisha kesho, haina mchanga, machozi yamebaki kwenye kamera yangu, upande wa jicho. Ndama anabaki, mbuzi anakwenda. Filamu naipeleka kuoshwa kesho hiyohiyo, na Kemunto ameishika mkononi mpaka sasa, amekataa kuiweka mezani.

Kwa hiyo tafadhalini, nyinyi wawili msinicheke. Walionicheka leo wanatosha, ila yule wa kwenye kigoda ninaomba aishi anicheke tena.