Jinsi Syrgak Alivyomshusha Mama Mkwe na Kubadili Tairi

Sogeeni, enyi mnaoendesha na enyi mnaoendeshwa, enyi wenye jeki na enyi wa kuazima, niwasimulie vita vya Syrgak mume wangu, Simba wa Usukani, Bwana wa Gia ya Tatu, alivyopambana na tairi moja la nyuma kwenye barabara ya kwenda mji wa Naryn. Nilikuwepo, nami ndiye niliyeshika kamba ya kondoo.

Tulikuwa twaenda harusini siku hiyo. Ndani ya buti, juu ya tairi la akiba, alilala kondoo wa zawadi. Na kiti cha mbele alikikalia mama yangu Batma, Mlima Usiosogezwa, ambaye tangu niolewe hajapata kumwita mume wangu kwa jina. Humwita "huyu." Jambo hilo lilimuuma Syrgak, na mimi lilinichoma.

Ndipo tairi likapasuka. Shujaa akaliongoza gari hadi pembeni, penye ardhi tambarare, akavuta breki ya mkono, akayazuia magurudumu ya mbele kwa mawe, akazilegeza nati gari likiwa lingali chini. Nikamshusha kondoo, naye hakubisha. Akabaki mama.

"Mama, naomba ushuke. Gari haliinuliwi na mtu ndani."

"Umesikia?" mama akaniuliza mimi. "Huyu ananishusha njiani. Wapita njia waseme Batma katupwa kama gunia la viazi."

"Jeki ikiteleza je, Mama?"

"Iteleze. Nitakufa nimekaa."

Dereva wa lori akapunguza mwendo, akachungulia. "Inua tu, kaka. Bibi mwenyewe mwepesi."

"Simwinui mama wa mke wangu kwa jeki ya kuazima," akanena Syrgak, na lori likaenda zake.

Lakini mkwe hamwamuru mama mkwe. Akasimama, spana mkononi, na harusi yatungoja. Kisha akatoa garini godoro jembamba la kukalia wageni, akalitandika majanini, mbali na barabara. Akaweka chupa ya chai, akamega mkate, akarudi dirishani mkono kifuani.

"Mama, karibu kwenye nafasi ya heshima. Mkate umeshamegwa."

Kwetu ukikaribishwa mkate huondoki bila kuuonja, hata nyumba iwe inaungua. Mama akautazama mkate. Akanitazama mimi. Akashuka.

Hapo jeki ikapanda ikilia, tairi lililoshindwa likang'olewa na la akiba likaingia mahali pake. Nati zikafungwa kwa kupishana, gari likateremshwa, na Syrgak akazikaza tena kwa nguvu zote alizojaliwa, jasho likimtoka hadi kwenye tai. Kondoo alikuwa anakula majani. Mimi nilijivuna, nasema wazi.

Mama akarejea anatafuna, akalizunguka gari, akalipiga teke tairi jipya. Tukampakia kondoo, tukaondoka, naye akatafuna hadi kipande cha mwisho.

"Mwanangu," akasema hatimaye, akitazama mbele.

Syrgak nusura atuingize mtaroni. "Naam, Mama?"

"Siku nyingine tairi likipasuka, weka na siagi."

Basi kumbukeni, enyi wa vizazi vijavyo: hivyo ndivyo ulivyotekwa Mlima Usiosogezwa, kwa mkate mkavu, bila damu kumwagika, na kondoo akafika harusini akiwa mzima, kwa masikitiko yake.