Miguu ya Ndege na Shingo ya Mukwe Wangu

Haya ni ya huu mwaka tunakula viazi asubuhi, viazi magaribi, na maziwa tunawekea wageni tu. Wamama wenzangu wa huku Kirolirwe, musome polepole, na musionyeshe wanaume wenu. Leo nimejivua heshima mchana kweupe.

Binti yangu amezaa kule Walikale. Barabara iko matope mpaka kiuno. Janvier, bwana yake, akakuja kunichukua na ndege ndogo ya watu sita. Munajua kwetu: mama hagusi mukwe wake. Hata mukono hatupeane. Basi yeye akakaa mbele, mimi nyuma yake. (Niliangalia mugongo tu. Heshima kabisa.)

Kabla ya kupanda niliona miguu ya ndege. Myembamba! Kama ya ndama aliyezaliwa jana. Nikauliza piloti:

"Papa, hii miguu njo itatubeba wote tukianguka chini?"

"Mama, hatuanguke, tunatua. Ndani ya muguu kuko mafuta na hewa. Ukigonga chini unajikunja, unameza kishindo."

Nikaelewa. Mimi nimechunga ngombe tangu utoto. Ngombe ikiruka mufereji na magoti makavu, inavunjika. Ikikunja, inapona.

Kule juu nikachungulia dirishani. Milima, pori, pori tena. Kisha ndege ikainamisha kichwa. Nikaona kiwanja: kakamba kekundu katikati ya miti! Nikasema, hapana, hii miguu midogo haitaweza peke yake. Nikafungua mukaba wa kiti (muache kunitukana), nikainuka, nikakunja magoti ili niisaidie.

Paa!

Miguu ya ndege ikajikunja, ikameza, ikainuka. Yangu ilikosa mafuta. Nikaruka mbele, nikakamata kitu cha kwanza kwa mikono mbili, nikafunga macho: "Yesu, usiniache!"

Kitu kikakohoa: "Mama... tumefika... unaninyonga."

Shingo ya Janvier! Na kitambaa changu cha kichwa kimemufunika uso! Ndege ilisimama zamani. Watu wote macho kwangu. Piloti anajiuma mudomo.

Mpaka nyumbani yeye alitembea upande huu wa barabara, mimi ule. Mujukuu ni muzuri, asante Mungu. Binti yangu akauliza:

"Mama, siku ya kurudi, Janvier akutafutie tena nafasi?"

"Sipandi ndege tena."

"Na matope? Na siku zote hizo kwa miguu?"

"Sipandi ndege tena."