Rangi ya Ndege ya Baba Mkwe

Jumatano, 4 Juni
Marehemu baba mkwe alikuwa fundi wa ndege. Mama mkwe anataka ndege ndogo ya plastiki, aiweke kabatini kando ya picha ya mumewe. Mimi nimeunganisha moja, shemeji kaunganisha nyingine. Jumapili mama atachagua. Yangu imebaki kupakwa tu. Shemeji kapiga simu kunishauri nitumie rangi ya maji. Eti inakauka haraka na haili plastiki. Wema huo umetoka wapi? Mtego! Rangi ya maji ni ya watoto wa chekechea.

Alhamisi, 5 Juni
Nimenunua rangi ya magari, ile ya kupuliza. Kama gari linaipenda, ndege itaikataa? Nikapuliza bila ubahili, nikarudi nyuma hatua moja ili nijisifu. Bawa la kushoto likakunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Kisha likalegea. Likainama! Mke wangu akapita, akauliza kama ndege imesinzia.

Ijumaa, 6 Juni
Nimefunika makunyanzi kwa rangi ya mafuta iliyobaki tulipopaka geti. Nyeupe, inang'aa. Akili ninayo, jamani!

Jumamosi, 7 Juni
Haijakauka. Nimeigusa kuhakikisha. Sasa ina alama ya dole gumba. Nimeiwashia feni. Feni imeleta vumbi na manyoya ya paka. Ndege imeota ndevu.

Jumapili, 8 Juni
Ya shemeji imenyooka, hata namba za mkiani zinasomeka. Nilitamani kujifungia chooni. Mama mkwe akaitazama yangu. Kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mwanangu," akasema, "mume wangu hakuwahi kuletewa ndege nzima. Zote zilimjia hivi hivi."

Akaichagua yangu! Ilikuwa imeng'ang'ania kitambaa chake cheupe cha meza, basi vikaingia kabatini vyote viwili. Shemeji akanipa mkono wa pongezi. Kiganja changu bado kilikuwa na rangi; ilibidi tusaidiwe kuachana.

Jumatatu, 9 Juni
Nimetafakari kwa kina. Kilichonipa ushindi ni rangi ya magari. Viti vya plastiki vya mama mkwe vimepauka mno, masikini, na kesho anakwenda kliniki asubuhi. Nimeshanunua makopo. Akirudi atavikuta vinameta, akae apumzike. Shemeji ameomba nimwachie kazi hiyo. Wivu tu!