Dubwana la Tangini

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimezaliwa upya. Tena kwenye kibanda cha kinyozi!

Nilikwenda kunyoa. Runinga ya kinyozi ilikuwa inaonyesha filamu ya dubwana. Dubwana lenyewe lilikuwa zulia lililolowa. Zipu ya mgongoni inaonekana. Jiji linalobomolewa ni maboksi ya viatu. Kwenye ghorofa moja nilisoma saizi. Watu wakavunjika mbavu. Lakini, na hapa ndipo akili yangu ilipowaka, hakuna aliyeondoka! Mzee mmoja aliyenyolewa upande mmoja alikataa kugeuza kichwa mpaka zulia life. Lilipokufa akasikitika.

Nikasimama. Nikatangaza kwamba nitatengeneza filamu ya dubwana, na yangu itatisha kweli. Kinyozi, bila hata kuzima mashine, akauliza kama nitaitengeneza kabla au baada ya kuanza kazi buchani. Watu wakacheka kuliko walivyolicheka zulia.

Kumbe mtaa mzima unajua! Ni kweli, mke wangu na kaka yake mwenye bucha wamekaa kikao. Studio yangu ya picha ikiendelea kusinzia hivi mpaka katikati ya mwezi, nihamie kwa shemeji nikapime maini. Siku hizi kila mtu ana simu, anajipiga mwenyewe. Mke wangu ni fundi cherehani, ameshanishonea aproni. Inanikaa vizuri sana. Hilo ndilo linaloniuma.

Kinyozi ana ukuta mweupe ubavuni mwa kibanda. Nimeuomba kwa ajili ya Jumamosi ya wiki ijayo. Amekubali kwa sharti moja: awemo kwenye filamu, na asiliwe. Wengine wote waliwe, yeye abaki. Ubinafsi gani huu!

Jumatano, 6 Machi

Dubwana limekamilika! Mwili ni godoro la wageni (wageni watajua pa kulala). Ngozi ni magunia na chandarua nilichokipaka rangi iliyobaki ya geti. Meno nimeyakata kwenye dumu la mafuta ya kupikia. Macho ni vile vioo vyekundu vya nyuma ya baiskeli. Mkia ni mpira wa kumwagilia maji uliojaa matambara. Linaishi kwenye tangi la maji uani kwetu, linatoka kula watu.

Mke wangu akauliza kwa nini linakula watu. Nikamjibu kwamba hayo ni maswali ya wasiojua sanaa. Akasema sawa, na zipu nishone mwenyewe. Nikaeleza upesi kwamba lina njaa. Zipu imeshonwa.

Mama mkwe alipita wakati napaka meno. Yuko nasi tangu baba mkwe atutoke. Hutoka chumbani kula na kuanua nguo, basi. Maneno anayonipa mimi kwa wiki nzima yanatosha kwenye kijiko cha chai. Akalitazama dubwana. Akanitazama mimi. Akaguna. Sijaelewa ni nani kati yetu aliyegunwa.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya kwanza ya kupiga. Usiku wa filamu nzima unapigwa mchana: nimevalisha lenzi mfuko wa plastiki wa bluu. Ubunifu! Sijui kwa nini wengine wanahangaika na mataa.

Shemeji ndiye dubwana, kwa sababu ya kifua. Alitoka tangini vizuri. Akanguruma vizuri. Akamfukuza muuza mayai, akampita, akaenda mbele, akasimama, akaanguka kifudifudi kama gunia la viazi. Nikapiga makofi. Nilidhani anaigiza. Mke wangu ndiye aliyepiga kelele kwamba kaka yake anakufa. Tulipomvua alikuwa ameiva. Tukammwagia ndoo mbili. Akasema sasa anajua ng'ombe wanavyojisikia, na kwamba ndani ya lile godoro harudi, hata nimpe nini.

Kinyozi alipita kwa makusudi. Akasema amesikia dubwana limekufa kabla ya filamu kuanza, akatoa pole kwa familia.

Nilikuwa nazima kamera, ambayo nilisahau kuizima.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi nilizunguka mtaa mzima kutafuta mtu wa kuingia godoroni. Fundi bomba: ana mgongo. Muuza mayai: bado ana hasira. Mimi mwenyewe: nani atashika kamera? Nikarudi nyumbani nimenywea. Nikakaa kwenye ngazi. Aproni ilikuwa imeanikwa mbele yangu, inapepea kwa dharau.

Mlango wa chumba cha mama mkwe ukafunguka.

"Lete hilo," akasema.

"Lipi, mama?"

"Hilo linyama lako. Nimechoka kulitazama limelala hapo kama mgonjwa."

Nikaanza kueleza mambo ya joto, ya uzito, ya heshima yake. Akasema amebeba watoto watano mgongoni na wawili tumboni kwa mpigo mmoja, na nisimfundishe uzito. Mke wangu alitoka na sindano mdomoni, akaona, akarudi ndani. Nilisikia kicheko chake mpaka jikoni.

Sasa tatizo. Utamwongozaje mama mkwe? Huwezi kumkemea. Leo nimesema maneno ambayo hakuna mwongozaji wa filamu duniani aliyewahi kuyasema. Mama, samahani sana, naomba umnyonge. Mama, kwa heshima zote, mguu wake mmoja hujautafuna. Mama, shikamoo, sasa unguruma.

Na akanguruma! Sijui sauti ile alikuwa ameihifadhi wapi. Kuku wa jirani hawajarudi mpaka sasa.

Halafu ikafika zamu ya kinyozi. Tulikubaliana akimbie polepole kama shujaa, ageuke, alipige dubwana kwa taulo. Mama mkwe alitoka tangini akamwendea kwa mwendo ambao sikuuandika popote. Kinyozi akageuka, akaona, akaruka ukuta. Hakurudi. Ameacha kandambili. Baadaye ametuma ujumbe kwamba alikuwa anaigiza.

Nimeitazama picha ile mpaka macho yakauma. Mimi ni hodari!

Jumapili, 10 Machi

Siku ya balaa. Tulikuwa tunapiga dubwana likiuangalia mtaa kwa uchu. Mama mkwe akasema amechoka, avuliwe. Nikavuta zipu. Zipu imegoma. Nikavuta kwa mguu ukutani. Imegoma vilevile. Mke wangu alikuwa amepeleka magauni kwa bibi harusi. Nikamwomba mama akae kwenye ngazi, nikakimbilia kwa fundi baiskeli kuazima koleo. Fundi akanisimulia habari za ini lake. Na mvua ikaanza.

Niliporudi nimelowa chapachapa, mama mkwe alikuwa barazani, dubwana zima, na nguo zimeshaanuliwa na kukunjwa pembeni yake. Sikuuliza. Nikamtoa kwa koleo. Alinishika bega wakati wa kutoa mguu. Hajawahi kunishika bega.

Kamera ilikuwa inawaka muda wote huo! Betri yote imekwisha kwa kupiga nguo. Nimejilaani mpaka jioni.

Jumanne, 12 Machi

Nahariri. Habari mbaya: filamu ni fupi. Ukipiga chafya imekupita. Nimeweka kinyozi anaruka ukuta mara mbili. Nimeweka dubwana linatembea kwenda mbele, halafu picha hiyohiyo kinyumenyume. Nimeweka shemeji anaanguka. Bado fupi!

Imebidi niingize zile za kamera iliyosahaulika. Hakuna kinachotokea. Mvua inaanza. Dubwana linanyanyuka, linakimbia kwenye kamba. Mikono ya magunia imeshindwa kufungua vibanio, linavitoa kwa meno ya dumu. Linaanua shuka, linaanua magauni, linaanua ile aproni. Mwisho linafika kwenye shati la mistari la baba mkwe. Shati hilo mama hulifua kila wiki, ingawa hakuna anayelivaa. Dubwana halilikunji. Linaliweka usoni, palepale kwenye macho ya baiskeli, na linakaa nalo barazani. Linatazama mvua. Basi.

Hakuna hata mmoja anayeliwa. Lakini ni urefu, na mimi urefu nauhitaji. Nikaanza kuweka ngoma ili pachangamke. Mke wangu alikuwa nyuma yangu na chai.

"Hapo usiweke ngoma," akasema.

Nikageuka nimwambie kuhusu mdundo wa hadithi. Alikuwa ameshatoka, chai ameondoka nayo. Nimeacha bila ngoma, kwa ajili ya amani ya nyumba. Nadhani hakupenda picha kuwa na ukungu wa mvua.

Jumamosi, 16 Machi

Watu! Wameleta viti, vigoda, ndoo za kukalia. Mzee wa kichwa cha upande mmoja alikuwa mbele kabisa, sasa amenyolewa pande zote. Mama mkwe alikaa nyuma, karibu na mlango wa kibanda, amejifunga khanga vizuri kama anakwenda kwenye barua ya posa. Jua lilipoondoka ukutani nikawasha.

Jino la kwanza lilipochomoza tangini, wakacheka.

Usiku wangu wa bluu: wakacheka. Shemeji alipoanguka: wakapiga makofi na kuomba arudiwe. Shemeji akasimama kuwapungia mkono! Kinyozi aliporuka ukuta, kuna mtu aliteremka kwenye ndoo yake akagaagaa chini. Aliporuka mara ya pili wakaanza kuhesabu. Hakuna aliyeogopa. Hata mtoto mchanga alikuwa anacheka. Nilisimama kando ya projekta, jasho linanitiririka, naiona bucha, nayaona maini.

Halafu kimya.

Kimya kizima! Nikajua spika imekufa. Nikapiga magoti, nikachomoa waya, nikachomeka, nikaipiga kofi. Mvua ya kwenye filamu ilikuwa inasikika vizuri tu. Nikainua kichwa.

Walikuwa wanalitazama dubwana na shati lake. Hakuna aliyekohoa. Aliyegaagaa alikuwa ameinuka, mikono kwenye magoti. Mama mmoja, jirani wa nyumba ya pili, alisema polepole, "Maskini, linamsubiri mtu." Na mwingine akamwambia anyamaze.

Nikamtazama kinyozi. Anafuta macho. Alipoona nimemwona akasema ni nywele, kazi yake hiyo, nywele haziishi kumwingia.

Ikaisha. Halafu makofi, ya kweli, ya kusimama! Nikaenda mbele, nikainama. Nikainama tena. Baadaye ndipo nikaona kwamba wote wamenigeuzia mgongo. Walikuwa wanamtazama mama mkwe. Mke wangu alikuwa amemkumbatia. Yule mama wa nyumba ya pili amemshika mkono, haachii. Na mama mkwe, ambaye hujawahi kumwona akipokea pole ya mtu, anaitikia kichwa tu, anaitikia, machozi yanashuka wala hayafuti.

Nikainama mara ya tatu, kwa ajili ya ukamilifu.

Jumapili, 17 Machi

Foleni mlangoni mwa studio! Tangu asubuhi! Wanataka picha na dubwana. Kwa simu hawataki, kwa sababu dubwana limo ndani ya studio yangu na ndani yake yumo mama mkwe, na mama mkwe amesema kwa simu hapigwi. Anawapanga mwenyewe. Wewe sogea. Wewe mwenye shingo, inua kidevu. Wewe mbona unacheka, nitakutafuna. Mtaani watoto wanamwamkia "Shikamoo Dubwana" na anaitikia marahaba.

Kinyozi alikuja kupiga ya kwake. Aliomba asimame mbali kidogo. Mama mkwe akamkabidhi kandambili.

Wakati wa chakula alisimulia. Mama mkwe, kusimulia! Kwamba yeye na baba mkwe walipokuwa wachumba walikwenda sana kutazama filamu za kutisha, na kwamba baba mkwe, lile pande la mtu, ndiye aliyekuwa anajificha nyuma ya khanga yake. Akacheka mpaka akakohoa. Mke wangu akaniangalia kwa jicho ambalo sijaliona tangu harusi. Shemeji akasema basi, nafasi ya maini atamtafutia mtu mwingine.

Nimeshinda! Kila upande!

Jumanne, 19 Machi

Nimetulia sasa, naweza kuchambua mafanikio kwa akili ya kitaalamu. Watu walipenda nini? Jibu liko wazi: mfuko wa bluu. Pili, meno. Ile sehemu ya nguo kidogo ituharibie. Mpaka watu walinyamaza. Katika filamu ya pili hakuna atakayekaa chini hata kidogo.

Mama mkwe ana wazo lake. Anasema dubwana liwe linampelekea mtu chakula, mtu mwenyewe hayupo, linarudi nacho. Nimemsikiliza kwa heshima zote, mikono nyuma. Nikamwambia tutaona, mama. Chakula! Nani atatoka nyumbani kwake kutazama sahani?

Hapana. Dubwana la pili litaruka. Mabawa ni mabati mawili na mwavuli. Shemeji amekubali, kwa sababu tangu Jumamosi wateja buchani wanamuulizia mama yake tu, na roho inamuuma. Paa la jirani nimeshalikagua, liko juu vizuri, na upepo upo.

Shemeji ameuliza swali moja tu: akisharuka, atatuaje. Nimemwambia asijali. Kutua ni kazi ya uhariri.