Jinsi Nilivyomuua Papa Placide kwa Simu

Jumatatu, 11 Juni 2018

Gaëlle, mjukuu wangu, kichwa chako kimejaa maji! Miaka mitatu umesomea uofisa wa meli huku ukisuka nywele za watu, halafu unapangiwa mtihani wa mdomo Ijumaa na unajibu asante. Asante ya nini? Meli iliyoko Durban inataka ofisa mmoja tu, na Ijumaa alfajiri inaondoka!

Firmin, mjukuu wa Mama Léocadie, amepangiwa mtihani huohuo Jumatano. Léocadie ametangazia kwaya nzima. Jumapili aliimba mpaka vioo vikatetemeka.

Mimi nimesoma hadi darasa la tatu, lakini simu najua kupiga. Nimepigia ile ofisi ya mtaa wa Braamfontein, hapa mjini, inayopanga mitihani ya maofisa wa meli, kuanzia Lagos hadi Mauritius. Nimejifanya Léocadie. Nimesema Firmin amefiwa, nafasi yake apewe Gaëlle. Karani, Mkenya anayeitwa Serah, akauliza kwa Kiswahili safi nani amefariki. Eish! Sikuwa nimejiandaa. Nikasema babu yake. Akauliza jina. Likanitoka: Papa Placide.

Papa Placide ni mume wa Léocadie. Yuko mzima, anashona viatu Rosettenville. Hivi nilivyovaa alivishona yeye. Nimevivua.

Jumanne, 12 Juni

Asubuhi Gaëlle kapata ujumbe: mtihani wake umesogezwa, ni Jumatano. Kaniangalia sana. Nikamwambia Mungu hufungua milango, ale uji wake.

Mchana simu ya Mama Brigitte, mkubwa wa akina mama kanisani. Analia. Eti nilete sufuria ya maharage na viti viwili Turffontein kwa Léocadie, Papa Placide ametutoka. Kumbe yule Serah anasali na Wakenya wanaotumia kanisa letu asubuhi! Kwa huruma yake kampigia mchungaji wetu kutupa pole, na mchungaji kampigia Mama Brigitte. Nani alimwomba huruma?

Nisingeenda, wangejua. Nimeenda. Kitenge kiunoni, viti kichwani.

Tumefika, Léocadie hayupo, yuko sokoni, simu yake imezimika. Jirani akatufungulia. Sisi hatungoji kuambiwa: makochi yakatolewa nje hadi uani, magodoro yakatandikwa chini, kilio kikaanza. Nimelia kuliko wote. Ningefanyaje?

Saa kumi Papa Placide huyo, mkate kwapani. Anakuta kochi lake nje na akina mama ishirini wanamlilia. Mama Brigitte kaanguka palepale. Mzee akauliza nani amekufa. Akina mama wakafunika nyuso kwa vitenge.

Basi akadhani ni mkewe.

Mkate ukaanguka. Akakaa kwenye ngazi akamwita Léocadie kwa jina lake la usichana, mara tatu, nne. Nilikuwa karibu naye kuliko wote. Nilikuwa na maneno ya kumtuliza, tena mimi tu ndiye niliyekuwa nayo. Sikuyatoa. Nikashika viti vyangu nikavibeba kurudi nyumbani. Hata maharage nimeyaacha.

Jumatano, 13 Juni

Serah kamwonyesha mchungaji namba iliyopiga. Yangu.

Léocadie kaja kabla ya chai. Nilimngoja atukane, nilikuwa na matusi yangu tayari. Hakutukana. Kasema jana mumewe alimshika mkono mpaka usingizi ukamchukua, kama mtoto, na hata leo hataki aende sokoni. Akaniuliza, dada, nilikukosea nini? Nikatazama jiko. Nikasema maji yanachemka. Hayakuwa yanachemka.

Gaëlle alikuwa mlangoni, kasikia yote. Kavaa koti, kaenda Braamfontein mwenyewe, kamrudishia Firmin nafasi yake. Karudi, kapita mbele yangu bila salamu. Mtoto niliyemlea tangu kwetu Kalemie! Ningemgombeza, lakini nimeishia kuosha kikombe chake.

Alhamisi, 14 Juni

Firmin kapasi. Yuko kwenye basi la Durban. Papa Placide kamsindikiza mpaka kituoni. Mimi nilitazama kutoka ng'ambo ya robot, zile taa za barabarani, nyuma ya nguzo, miguuni malapa, kwa baridi hii.

Nimeenda kwa Léocadie, nimepiga magoti, nimeomba msamaha. Kanisamehe, kanirudishia sufuria, imeoshwa. Afadhali angenipiga nayo. Nimeapa mbele yake: sitamuua mtu tena.

Jioni Gaëlle kaanza kuongea, kidogo. Mtihani wake ni kesho saa nne, na kuna meli nyingine, iko Cape Town. Nayo inataka mtu mmoja. Mbele yake kwenye orodha yuko kijana mmoja tu, Kiprotich, wa saa tatu.

Kiapo ni kiapo. Simuui. Namwoza tu. Harusi ni jambo la heri, nani atalia? Na safari hii nimetumia simu ya jirani: Kiprotich anaoa kesho, saa yake apewe Gaëlle. Serah kafurahi sana, kauliza ukumbi uko wapi. Nimetaja wa kanisani kwetu, ndio ulionijia.

Sasa Gaëlle, amka kabla ya saa kumi na mbili, vaa shati jeupe, na wewe uingie saa tatu. Ukipita kanisani ukakuta Mama Brigitte anatundika mapambo, usimsalimie, kaza mwendo!