Unga wa Matundu

Redio iliyoning'inia kwenye msumari ilimaliza habari yake, benchi zima la kijiwe likaacha kunywa kahawa. Wataalamu wametengeneza unga wa plastiki wenye matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Unga huo unasafisha maji, unahifadhi gesi, na kijiko chake kimoja, ukizikunjua kuta zote za matundu yale, kinafunika uwanja wa mpira.

"Kijiko kimoja?" akauliza Hati, dalali wa viwanja, akiweka kikombe chini kwa heshima. "Uwanja mzima?"

"Ndivyo walivyosema," akajibu Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma.

"Na hati yake anayo nani?"

Cheche akamwangalia. "Unataka kuuza kijiko?"

"Nataka kujua mipaka tu. Watu tunatoana macho kwa ajili ya kichochoro, kumbe kuna mtu ana mashamba kwenye bakuli la sukari."

"Mimi nimeipenda hiyo ya gesi," akasema Cheche. "Eti inanata kwenye matundu, inatulia yenyewe, haihitaji kushindiliwa kwa nguvu nyingi. Mtungi wangu mimi, kabla sijaubeba, nauomba radhi."

"Gesi itulie?" akadakia Mzee Nili. "Acheni kumezwa na redio."

Mzee Nili ndiye mwenye karakana ya kutia nguo rangi, nyuma ya kisima cha mtaa. Mfereji wake wa maji machafu unapita kando ya kisima, na asubuhi ukitaka kujua ana oda gani unachungulia tu rangi ya maji kwenye ndoo. Jana zilikuwa sare za shule.

Birika, muuza kahawa na mwenye kijiwe, alikuwa akipuliza mkaa huku kaukunja uso. Tangu karakana ile ifunguliwe, kahawa yake, aliyoipika kwa maji ya kisima hicho, ilinuka kitambaa kipya, na lawama zote zilimwangukia yeye. Akabadili kahawa, akabadili mkaa, akatupa birika la zamani lililompa jina, na bado. Mkewe akamwambia labda ni mkosi. Wateja wawili wa siku zote walishahamia kijiwe cha ng'ambo ya barabara, na walipompungia mkono kutoka huko aliumia kuliko kama wangemtukana. Akiwakosa na hawa watatu, hana tena kijiwe, ana mbao na misumari.

"Unga wenyewe ninao," akasema.

Wakageuka wote.

"Mpwa wangu anausomea chuoni, kanipa kifuko. Uchafu unanata kwenye kuta za yale matundu. Ukishiba, unauosha kwa spiriti, unaanza upya."

"Kama shemeji yangu," akasema Hati.

"Uko wapi?" akauliza Cheche.

Birika akaligonga birika. "Humu. Tangu alfajiri."

Akamimina. Kikatoka kitu kinachofuka moshi, angavu kama kioo, mpaka Hati akasoma maandishi ya kiwanda ndani, kwenye kitako cha kikombe.

"Birika," Cheche akasema kwa upole, "kahawa iko wapi?"

"Niliambiwa niweke kwenye maji."

"Kabla ya kahawa au baada?"

"Hakusema." Birika akafikiri. "Kwani kahawa si maji?"

Mzee Nili akacheka mpaka kofia ikadondoka. "Sayansi hiyo! Mtu kapika kahawa, kapata maji ya moto! Nawaambia kila siku, maji ya kisima kile hayana rangi, hayana harufu. Shida ni huyu, hajui kupika!"

Hasira zikampanda Birika. Alijua akijibu sauti itatetemeka, basi akaendelea kumimina.

Wakanywa, kwa kuwa walishamiminiwa. Hati akanusa, akanywa tena. Cheche akakimaliza chake mpaka tone la mwisho.

"Matamu," akasema Hati. "Ya wapi haya?"

"Ya kisimani."

Mzee Nili akanyoosha kikombe, akaongezwa. Alikunywa cha pili taratibu, akafuta midomo, kisha akamsogelea Birika na kushusha sauti, ingawa sauti yake hata ikishushwa inafika mtaa wa pili.

"Mdogo wangu, hebu nigawie huo unga kidogo nipeleke nyumbani. Shemeji yako hanipi amani. Kila nikimpelekea maji ya kile kisima anayamwaga, anasema yananuka rangi."

Hati akajifanya anatazama barabara. Birika alitaka kulia na kucheka kwa wakati mmoja.

"Yananuka nini, kaka?"

Mzee Nili akageuza uso kuelekea kisimani.

"Nitakugawia," akasema Birika, na sauti haikutetemeka. "Lakini kifuko ni kidogo na mfereji wako ni mkubwa. Kauhamishe kwanza mfereji, mbali na kisima."

"Leo?"

"Sisi tupo tu hapa."

Mzee Nili akaokota kofia, akaikung'uta hata baada ya vumbi kwisha. Kisha akamuuliza Cheche, bila kumtazama usoni, kama ana jembe la kuazima.

"Ninayo mawili," akasema Cheche, akasimama.